UZI: Kupanda na kushuka pikipiki bila kuiangusha, kuungua wala kumwaga abiria (Arusha na Moshi)

FundiWaSakina #1
Wakuu, heshima kwenu. Humu tumeshabishana vya kutosha kuhusu oili, tairi, na Boxer dhidi ya TVS. Zile sekunde tano za kupanda na kushuka hakuna anayezigusa. Pikipiki ikiwa mwendoni inajisimamia yenyewe. Ikishasimama ni chuma cha kilo 120 hivi juu ya matairi mawili membamba, na kinachoishikilia ni nyayo zako tu.

Naanza na dereva peke yake, abiria atafuata.

Panda kwa kushoto. Stendi ndogo iko kushoto, ekzosi iko kulia, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, upande huo ndio wa ukingo wa barabara, magari hayakugusi. Kabla hujainua mguu, mkono wa kulia ukamate breki ya mbele: vidole kwenye leva, kiganja kimelegea. Ukikikumbatia kishikio chote, unapojirusha juu kiganja kinajikunja na kuvuta mafuta. Kama injini inawaka na gia imo, pikipiki inaondoka wewe ukiwa na mguu mmoja hewani.

Simama usawa wa tangi, usisimame usawa wa keria. Uzito wako ubaki mguu wa kushoto, inama mbele kidogo, kisha pitisha wa kulia juu ya siti. Kosa linaloangusha wengi ni kisigino kugonga siti au keria: pikipiki inasukumwa kulia, ambako hakuna stendi, na wewe uko kushoto huwezi kuidaka.

Ukishakaa, nyayo zote mbili chini. Isimamishe wima kwa mapaja na kiuno, mikono kazi yake ni kunyoosha usukani tu. Ndipo kisigino cha kushoto kirudishe stendi, na uitazame kwa macho kwamba imelala. Nyingi ya pikipiki za biashara hapa kwetu hazina swichi ya kuzima injini stendi ikiwa chini. Ukiisahau, kona ya kwanza ya kushoto inachimba lami na kukunyanyua tairi la nyuma.

Kushuka ni hayo hayo kinyumenyume, ila stendi iteremshwe ungali umekaa. Isukume kwa mguu mpaka igome mwisho, ilaze pikipiki taratibu juu yake, usikie imebeba, ndipo ushuke. Anayeshuka kwanza halafu atafute stendi kwa kidole cha mguu, siku moja ataikosa.

ChaliiWaNgarenaro #2
Arifu umeongea. Na kama keria ina kreti za soda zimefika mgongoni? Mguu hauna pa kupita.

FundiWaSakina #3
Mzigo ukiwa juu, usipitishe mguu nyuma. Kunja goti la kulia mpaka kifuani, lipitishe juu ya siti kati ya tangi na mzigo, kama mtu anayevuka uzio mfupi. Anayevaa suruali ya kubana hawezi, na hilo alijue kabla ya kufunga mzigo.

Na mzigo mzito ufungwe pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa (ile ya katikati), pande zote mbili zikipanda pamoja. Mkungu wa ndizi wa kilo 30 upande mmoja bila mwenzake, stendi ndogo haiwezi. Stendi kubwa nayo ina namna yake. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha keria, unyayo wa kulia juu ya kile kidole cha stendi. Kwanza ibonyeze kidogo mpaka miguu yote miwili ya stendi iguse ardhi, ndipo ukanyage kwa uzito wako wote. Mguu ndio unaopandisha, mkono unaongoza tu. Anayevuta kwa mkono anaumia mgongo na pikipiki haijapanda.

Ukishafunga mzigo nyuma, tairi la mbele litaelea. Usishtuke, litarudi ukikaa.

KijiweMbuyuni #4
Sasa abiria. Hapa sheria ni moja: dereva ndiye anayesema "panda" na "shuka". Abiria asiguse pikipiki kabla hajaambiwa, na dereva asiseme kabla hajajiweka sawa.

Kujiweka sawa maana yake: nyutro, breki ya mbele imeshikwa, nyayo zote mbili chini zimepanuka kuzidi mabega, usukani umenyooka. Usukani uliokunjwa ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu abiria akikanyaga, tairi la mbele linaikunja pikipiki kuelekea huko huko. Vikanyagio vya abiria vyote viwili viwe vimefunguliwa. Cha kulia ndicho kinachosahaulika kwa sababu kiko upande ambao abiria haoni.

Abiria avae helmeti akiwa bado chini. Wapo wanaokaa kwanza halafu wahangaike na mkanda wa kidevuni huku wanayumbisha pikipiki.

Kisha:
mkono wa kushoto begani kwa dereva, bega la kushoto;
unyayo wa kushoto katikati ya kikanyagio, si kwa ncha ya kiatu;
kabla ya kujiinua, kifua kiegemee upande wa pili juu ya siti;
ndipo mguu wa kulia upite.

Hilo la kifua ndilo linalotofautisha. Mtu wa kilo 80 akisimama wima kwenye kikanyagio, uzito wote unaning'inia nje ya mstari wa matairi na dereva anaubeba kwa paja moja la kushoto. Akiegemeza kifua katikati kwanza, dereva hasikii kitu.

Kama abiria ni mrefu na pikipiki ni ya kawaida, asikanyage kikanyagio kabisa. Siti ya Boxer iko kama sentimita 80 kutoka chini. Mguu wa kushoto ubaki ardhini, wa kulia upite, akae, kisha atafute vikanyagio.

Nasra_Njiro #5
Naongezea upande wa kushuka maana ndiko tunakoumizwa. Dereva anasimama pua ya tairi kwenye ukingo wa mtaro, anasema "shuka dada". Nishukie wapi? Acheni nafasi ya hatua moja kubwa kushoto, ardhi kavu, bila mtaro wala rundo la kokoto.

Na abiria: usishuke pikipiki ikiwa inamalizikia mwendo. Ikiwa inatambaa bado, unyayo wako ukigusa chini unabaki nyuma na mwili unaenda mbele. Subiri isimame kabisa, angalia nyuma kushoto (kuna boda wengine wanapita kwenye kile kiupenyo kati yako na mtaro), sema "nashuka", shika mabega yote mawili, simamia kikanyagio cha kushoto, pitisha mguu wa kulia nyuma. Mizigo ya mkononi iteremshwe kwanza au apewe dereva. Mtu mwenye mfuko wa sokoni mkononi hana cha kushikia.

JuuKibosho #6
Mkuu #4, nyutro na breki ya mbele ni sawa kwa tambarare ya Mbuyuni. Ukija huku juu, Kibosho, Uru au Old Moshi, hiyo itakuangusha.

Pikipiki ikiwa imeelekea mlimani, uzito unarudi nyuma. Abiria akipanda, unarudi nyuma zaidi. Tairi la mbele linabaki jepesi. Unaweza kuishika breki ya mbele mpaka vidole viwe vyeupe. Tairi halizunguki, lakini linateleza kurudi nyuma likiwa limefungwa, hasa udongo ukiwa umelowa.

Breki inayoshika mlimani ni ya nyuma, kwa sababu uzito uko nyuma. Tatizo ni kwamba iko mguu wa kulia, ukiikanyaga unabaki na mguu mmoja tu chini.

KijiweMbuyuni #7
Kwa hiyo unashauri mguu mmoja chini na abiria anapanda? Hapo umetatua kuteleza umeleta kuanguka.

JuuKibosho #8
Hapana mkuu, sijamaliza. Zima injini. Ingiza gia namba moja, achia klachi taratibu, iachie irudi nyuma kidogo mpaka igome. Sasa injini ndiyo imeshika tairi la nyuma, na miguu yako yote miwili iko huru. Ongeza breki ya mbele juu yake. Abiria apande, akae, ashike. Ndipo unakanyaga breki ya nyuma, unabana klachi, unawasha gia ikiwa bado namba moja na kuondoka huku ukiiachia breki ya mguu kadiri klachi inavyokamata.

Usifanye hivi injini ikiwa inawaka kwa kubana klachi tu. Kidole kikichoka au abiria akikugonga kiwiko, pikipiki inaruka, na abiria yuko kwenye kikanyagio kimoja.

Ukiwa umeelekea bondeni mambo yanageuka: uzito uko mbele, breki ya mbele inashika vizuri, na kanuni yako ya #4 inafanya kazi kama kawaida.

KijiweMbuyuni #9
Hapo nimekuelewa, nafuta kauli kwa upande wa mlimani. Ila injini iliyochoka haishiki. Kama ukiisukuma pikipiki ikiwa kwenye namba moja imezimwa na inasogea kirahisi kama iko nyutro, usitegemee gia mlimani. Tafuta sehemu tambarare, abiria atembee hatua 20, hatakufa.

FundiWaSakina #10
Na breki zenyewe ziwe za kushika. Leva ya mbele ikigusa kishikio ukiibana, hiyo huna. Leva ichezeke kidogo tu, kama sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha, kabla haijaanza kukamata. Pedeli ya nyuma iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Ni nati ya kuzungusha kwa mkono, dakika moja.

Raba za vikanyagio vya abiria zikilika na kubaki chuma, mvua inaifanya iwe sabuni. Raba mpya ni bei ndogo. Kama huna, funga vipande vya tyubu ya zamani vikazwe kwa waya chini, vifundo visielekee juu.

Loisulie #11
Wakuu, mmesahau nguo. Ukitoka soko la Kilombero kwenda Ngaramtoni nusu ya abiria wamevaa shuka, kanga au kitenge. Shuka inafungwa vipi kabla ya kupanda?

Nasra_Njiro #12
Kabla ya kupanda, ndiyo neno. Ukishakaa umechelewa, ncha tayari zinaning'inia.

Shuka: ile ncha ya nyuma ivutwe mbele kupitia chini ya kwapa, ipigwe fundo kifuani, na upindo wa chini ukaliwe pande zote mbili za mapaja. Ukisimama kando ya pikipiki kitu chochote kikishuka chini ya goti kwa nyuma, fupisha tena. Mnyororo na spoki viko chini kidogo tu ya usawa huo.

Kanga na kitenge ni hivyo hivyo: vaa suruali au taiti ndani, kunja kitenge mpaka juu ya magoti, kaa kwa kutanua miguu. Mtandio nao uchomekwe ndani ya koti, usipeperuke nyuma.

Wanaokaa upande: mnajua mnachofanya, lakini angalau miguu yote miwili iwe kushoto, mmoja ukiwa juu ya kikanyagio, na mkono wa kulia ushike kiuno cha dereva. Dereva akumbuke uzito wote unavuta kushoto, hivyo kuondoka kuwe polepole na asipinde kulia ghafla. Kushuka kwake ni kuteleza chini kwa miguu miwili pamoja, asiruke.

FundiWaSakina #13
Kuna kile kiwavu cha chuma upande wa kushoto wa tairi la nyuma, vijana wengi wanakifungua ili pikipiki "ipendeze". Pikipiki hizi zinatoka India, na kule kanuni za magari za 1989 zinataka kila pikipiki yenye siti ya abiria iwe na kikanyagio na cha kushikia cha abiria, pamoja na kinga inayofunika walau nusu ya tairi la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Kimewekwa kwa ajili ya sari, ila kanga haina tofauti na sari mbele ya spoki. Kirudishe. Kama kimepotea, mchomeleaji yeyote anatengeneza kwa nondo nyembamba. Hakikisha tu hakigusi mnyororo wala tairi abiria akikaa na shokapu zikabonyea.

Kinga hiyo hiyo ndiyo inayookoa visigino vya watoto. Mguu wa mtoto haufiki kwenye kikanyagio, unaning'inia usawa wa spoki. Na mshikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) ni mshikaki hata kama wa katikati ni mdogo.

Mkoba_wa_Pasua #14
Ekzosi jamani. Mtu akishukia kulia anapata "muhuri" kwenye shavu la mguu. Tunapaka dawa ya meno, ni sahihi?

NesiMtaani #15
Si sahihi. Dawa ya meno, unga, mafuta ya kula, yai, asali, vyote acha. Vinazuia joto kutoka na vinaleta uchafu kwenye kidonda.

Maji safi ya bomba ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Nasema 20, si mbili. Barafu usiweke moja kwa moja. Vua kiatu, soksi au cheni ya mguu mapema kabla haijavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya au nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Malengelenge usiyatoboe.

Nenda kituo cha afya kama jeraha limezidi kiganja cha mwenyewe, kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi, kama ni mtoto, au hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda.

Na mjue joto halihitaji kuwa kubwa. Nyuzi 70 zinatosha kuunguza ngozi kwa sekunde moja hivi, na bomba la ekzosi karibu na injini linapita hapo mbali sana. Likizimwa bado ni la moto dakika nyingi. Kaptula na ekzosi isiyo na ngao yake ya bati ndiyo mchanganyiko wenyewe.

ChaliiWaNgarenaro #16
Masika hii udongo umekuwa uji. Ukiegesha, stendi inazama, unarudi unaikuta imelala.

JuuKibosho #17
Weka kitu chini ya stendi: jiwe bapa, kipande cha ubao, hata kopo lililokanyagwa. Dawa ya kudumu ni kumpelekea mchomeleaji akuongezee kibati chini ya unyayo wa stendi, kama sentimita 7 kwa 10. Asiongeze urefu, upana tu. Stendi ikirefuka hata kidogo pikipiki inasimama wima mno na upepo wa lori unaiangusha kulia.

Kwenye mteremko, pua ielekee juu, gia namba moja, usukani uzungushwe kushoto mpaka mwisho. Pua ikielekea chini pikipiki inasogea mbele na stendi inajikunja yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa. Mteremko wa kukatisha: kushoto kukiwa bondeni inalala mno, kushoto kukiwa mlimani inasimama mno. Igeuze tu ielekee juu.

Springi za stendi nazo zikilegea stendi inaning'inia nusu. Ikicheza kushoto kulia, kaza bolti yake kwanza kabla hujalaumu springi.

Mkoba_wa_Pasua #18
Na ikishaanza kulala wewe uko juu yake, unaizuia vipi?

FundiWaSakina #19
Ikiwa imelala kidogo tu, kaza paja na uirudishe. Ikishapita pale unapohisi uzito umehamia mkononi, iachie. Toa mguu usibanwe kati ya injini na ardhi, mshike abiria kama unaweza, leva ya klachi tutakuuzia nyingine.

Kuinyanyua: zima swichi, funga koki ya mafuta, ingiza gia isiserereke. Kama imelala kulia, teremsha stendi ndogo kabla hujainyanyua, usije ukaiangushia upande wa pili. Geuka uipe mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja kwenye kishikio cha usukani, mwingine kwenye chuma cha keria, mgongo umenyooka, rudi nyuma kwa hatua fupi fupi huku miguu ikisukuma. Ikishasimama, nusa petroli, tazama oili chini, bana leva zote, zungusha usukani pande zote mbili, subiri dakika chache ndipo uwashe.

Loisulie #20
Swali la mwisho. Kuna bibi anapelekwa hospitali ya KCMC, kliniki ya magoti. Goti halikunjiki kufika kwenye kikanyagio, na hataki kubebwa.

KijiweMbuyuni #21
Bajaji ndiyo jibu la kwanza. Kama ni lazima pikipiki, mtafutie kimo. Sogeza pikipiki kwenye kibaraza au ukingo wa lami wenye sentimita 15 hadi 20, upande wake wa kushoto, karibu lakini stendi isiguse. Kiti imara cha mbao pia kinafaa, cha plastiki kinateleza.

Injini imezimwa, gia namba moja, dereva amekaa, nyayo mbili chini. Mtu wa pili asimame nyuma kushoto. Bibi ashike mabega yote mawili ya dereva, asikanyage kikanyagio. Goti zima ndilo linalobaki chini likiubeba mwili, lile bovu ndilo linalopitishwa juu ya siti, na yule wa nyuma anaubeba mguu wake kwa kifundo na kuuvusha. Ikiwa bovu ni la kushoto, inakuwa ngumu, kwa sababu ndilo litakalobeba uzito wote. Hapo apandie kulia, ekzosi ikiwa imepoa kabisa na pikipiki ikiwa imegeuzwa ili upande huo ndio uwe wa kibaraza. Usimpandishie katikati ya barabara.

Siti ndogo za nyuma zilizoinuliwa kwa ajili ya mtindo zirudishwe za kawaida, zinaongeza sentimita ambazo goti halina. Na mwambieni dereva huko atakakomshusha atafute ukingo wa namna hiyo hiyo kabla hajafika getini, maana pale mbele ni lami tupu na kushuka kwake ni kugumu kuliko kupanda.